Jile bila mshahara: uhakiki wa kazi ya bareko wetu wa Katoyi



Wengi mnanijua kama mtu wa mihogo na maharagwe. Leo nitaandika juu ya afya, juu ninaishi ndani ya nyumba ya reko, na kwa miaka mingi niliitazama ile kazi bila kuielewa. Mama yangu ni rele komunotere hapa Katoyi, komini ya Karisimbi. Ni wale watu wanaopita nyumba kwa nyumba na jile na fishi mkononi, wanauliza mtoto amepata chanjo, mama mwenye mimba ameenda kupimwa, maji ya kunywa yametiwa dawa. Hana mshahara. Miaka yote hiyo amepata majile, makofia, mafulana, na perdiem siku za kampeni. Basi.

Nianze na usiku mmoja wa masika iliyopita. Ilikuwa kama saa tatu. Jirani alipiga mlango wetu, amebeba mtoto wa miaka mitatu hivi, anahara maji meupe kama yale ya kuoshea mchele. Mama aliamka, akawasha tochi ya simu, akatafuta paketi za ORS kwenye sakosi yake. Hakukuwa hata moja. Za mwisho aligawa wiki mbili mbele, na kituo hakikupokea zingine. Akaniambia: “Papa, kimbia kwa mwenye duka, umwambie akupe sukari, nitalipa kesho.” Nikakimbia. Litre moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari, nusu kijiko cha chumvi. Mtoto alikunywa kidogo kidogo mpaka asubuhi, njo wakampeleka pale wanapotibu kolera. Alipona.

Kesho yake niliona mama anajaza fishi: wanaume waliohamasishwa, wanawake waliohamasishwa, nyumba zilizotembelewa, mada iliyofundishwa. Nikamuuliza, “Mama, na ile sukari unaandika wapi?” Akacheka. “Hapa hakuna nafasi ya sukari.”

Uhakiki wangu unatoka pale.

Tusiwe watu wa kulaumu bila kujua historia. Wazo la afya ya jamii ni zuri, na si la jana. Mwaka 1978, kule Alma-Ata, nchi nyingi zilikubaliana kwamba afya ianze karibu na watu, na watu wenyewe washiriki. Nchi yetu ilikuwa kati ya zile zilizolichukua wazo hilo mapema: miaka ya 1980 Zaire iligawanywa katika zoni za afya 306, na kuanzia 1981 mradi wa SANRU ukasaidia afya ya vijijini. Leo Kivu ya Kaskazini peke yake ina zoni 34. Chini ya zoni kuna eneo la afya na kituo chake, chini ya kituo kuna bareko na kamati yao, CODESA. Kwenye karatasi ni mjengo mzuri kabisa.

Lakini mjengo ule ulifikiriwa hasa kwa kijiji. Ukisema Katoyi, wengine wanafikiri ile Katoyi ya Masisi, ambayo ina zoni ya afya ya jina lake. Kule reko anajua kila mlango. Na kwa vijiji vilivyo mbali na kituo, zaidi ya kilomita tano ama njia mbaya, kuna bareko wa aina ingine, wale wa saiti: wanapewa dawa za malaria, za kuhara na za kikohozi kibaya kwa watoto wa miezi 2 mpaka 59. Yaani reko wa kule, mambo yakienda vizuri, ana kitu mkononi.

Katoyi yetu ni mambo mengine. Tuko mjini, kwa hiyo kituo kinahesabiwa kuwa karibu. Lakini nyumba moja wanaishi jamaa tatu. Wengine walikimbia vita Masisi ama Rutshuru, wamepanga chumba mwezi huu, mwezi ujao wamehama. Chini ni mawe ya volkeno. Kuchimba choo cha kina ni kazi ya siku nyingi na pesa nyingi. Ziwa Kivu liko pale chini, tunaliona, lakini bomba linakauka na watu wanapanga mabidoni tangu alfajiri. Reko wa hapa anapewa watu wengi kuliko yule wa kijijini, lakini mkononi ana maneno tu.

Hii njo kasoro ya kwanza: tumeyafanya maneno kuwa huduma. “Naweni mikono na sabuni.” Sawa. Na mama mwenye kununua bidoni moja ya maji kwa siku, ya kupika na ya kunywa, atanawa na nini? Anajua vizuri kuliko yule aliyeandika bango kwamba mikono michafu inaleta kolera. Watu wa Goma kufundishwa kolera ni nini! Mji ambao mwaka 1994 uliona karibu wakimbizi 50,000 wakifa ndani ya mwezi mmoja, wengi kwa kuhara, hauna mzee asiyejua ugonjwa ule. Kinachokosekana ni maji.

Sisi watu wa kilimo tulifanya kosa lile lile, kwa hiyo ninaongea kama mtu aliyelala kitanda kimoja na mgonjwa. Mwaka 2001 ugonjwa wa kunyauka kwa migomba ulionekana kwa mara ya kwanza katika nchi yetu, kule Masisi. Mafundisho yakawa: mgomba mmoja ukiugua, ng'oa shina lote pamoja na watoto wake, uzike. Kisayansi ni sawa. Lakini mjane mwenye mashina ishirini, ambayo njo chakula chake na masomo ya watoto, hawezi kung'oa nusu ya shamba kwa siku moja, tena kwa nguvu za mikono yake. Watu walisikiliza, wakasema ndiyo, wakarudi nyumbani wakaacha. Sisi tukaandika kwenye maraporo: “wakulima ni wagumu.” Baadaye watafiti wakajaribu njia nyepesi: kata ule mgomba mmoja unaougua, chini kabisa, pita tena mara kwa mara, pitisha kisu kwenye moto ama javeli, vunja lile ua jekundu la mwisho kwa kijiti chenye panda. Wakulima waliofuata njia ile bila kuchoka waliona ugonjwa unapungua. Wakulima walikuwa wale wale. Tofauti ni kwamba safari hii waliombwa kitu wanachoweza kufanya.

Kila mara ninaposikia mtu wa semina anasema “watu wa Katoyi ni wagumu kubadilisha tabia,” ninakumbuka yale maraporo yetu.

Kasoro ya pili ni pesa, na hapa sina budi kujishitaki mwenyewe. Ebola ilitangazwa katika jimbo letu tarehe 1 Agosti 2018, ikafika Goma Julai 2019, ikaisha Juni 2020; watu 3,470 waliugua na 2,287 walikufa. Wakati ule nilikuwa mwanafunzi. Rafiki mmoja alinitafutia kazi ya siku: kusimama na kile kifaa cha kupima joto, kuelekeza watu kunawa. Nililipwa kila siku niliyosimama. Ile pesa ilinisaidia kumaliza memware yangu, sikatai. Mama yangu, ambaye alijua nyumba gani ina mgeni kutoka Beni, nani analala na homa, mama gani anaogopa chanjo na juu ya nini, hakuitwa. Mwezi mmoja wangu ulizidi alichopata yeye kwa miaka. Mi mwenyewe nilikuwa ninamuuliza jioni habari za kartie, halafu asubuhi ninaenda kulipwa.

Halafu tunashangaa watu waliposema Ebola ni biashara! Waliona. Waliona pia kwamba wakati ule ule surua ilikuwa inaua watoto katika nchi nzima, zaidi ya watu 7,000 kati ya 2019 na 2020, na magari hayakuwa mengi vile kwa surua.

Ubaya wa pesa ya kampeni unabaki hata kampeni ikiisha. Bareko wengi wazuri wanajifunza kungoja: kampeni ikija wanatoka, ikiisha wanakaa. Na nani atawalaumu? Kampeni inaleta perdiem, matembezi ya kila wiki hayaleti kitu. Mwezi wa Oktoba 2024 chanjo ya mpox ilizinduliwa hapa Goma, na hilo ni jambo la kushukuru. Miezi michache baadaye, Januari 2025, vita viliingia mjini, na mwezi ule ule Marekani ikasimamisha pesa za USAID. Mwaka ule tuliona wazi ni kazi gani zilisimama juu ya mradi na ni kazi gani zilisimama juu ya watu. Mama aliendelea kupita. Tena bila jile, juu lile la zamani lilipasuka.

Sasa, wengine watasema: reko akilipwa, moyo wa kujitolea utakufa. Ninaheshimu wazo hilo, lakini ninaona wanaolisema mara nyingi wana mshahara. Wengine wanasema serikali haina pesa. Kenya nayo si tajiri sana. Mwaka 2023 ilianzisha kazi ya wahudumu wa afya wa jamii zaidi ya 100,000, na vifaa vyao, na posho ya shilingi 5,000 kwa mwezi, nusu kutoka serikali kuu na nusu kutoka kaunti. Huko pia malalamiko ya kucheleweshwa yamesikika, lakini angalau kuna ahadi ambayo mtu anaweza kuidai. Ethiopia ilianza tangu 2003 kuwaajiri wasichana wa vijijini, wakafika zaidi ya 30,000, kwa mshahara.

Hoja ya tatu njo inayonisumbua kweli: mshahara ukifika, kazi zitachukuliwa na wana wa ndugu wa shefu. Ni kweli, tunajuana. Lakini dawa yake ni kuchagua bareko mbele ya avenyi nzima, na orodha ibandikwe ukutani. Kuwaacha bila kitu hakuzuii upendeleo, tuliona wakati wa Ebola.

Na kulipa peke yake hakutoshi kama tunalipa maneno. Kati ya 1980 na 1990 shirika la BRAC la Bangladesh lilipita zaidi ya nyumba milioni 12, likiwafundisha akina mama kutengeneza maji ya chumvi na sukari nguru nyumbani. Wafundishaji hawakulipwa kwa hesabu ya nyumba walizopita. Mtu mwingine alirudi nyuma yao, akaangalia akina mama wanakumbuka nini, na malipo yalifuata hapo. Wanawake wale walifundishwa kwa vitu walivyokuwa navyo jikoni. Fishi ya mama inahesabu kinyume: ni wangapi wamesikia. Kama walielewa, kama walikuwa na sukari, hakuna anayeuliza.

Ndugu zangu, mwaka jana niligombana na mama. Nilimwambia aache. Nilisema wanamtumikisha, kwamba yeye ana miguu inayouma na mimi ninaona haya mtoto wa lisansi kuishi na mama anayefanya kazi ya bure. Akaniacha nimalize. Halafu akasema: “Unisikilize muzuri, papa. Nikiacha leo, ile siku watapiga mulango usiku, utafungua wewe?” Sikuwa na jibu. Bado ninaamini wanamtumikisha. Lakini nilielewa kwamba nilikuwa ninamwambia aache juu sikuwa na ujasiri wa kumsaidia kudai.

Tuliishia kwenye jambo dogo. Nilichukua rula, nikachora kolone moja pembeni ya nakala ya fishi yake: “Kilichokosekana.” Kwa miezi mitatu aliijaza kila wiki. Sabuni, mara kumi na moja. ORS, mara tisa. Pesa ya maji, nikaacha kuhesabu. Javeli. Mtu wa kubeba mgonjwa usiku. Aliipeleka kwenye mkutano wa kamati. Akaambiwa ni kazi nzuri, lakini kanva ya raporo haina mahali pa kuiingiza. Akarudi nayo nyumbani, akaiweka ndani ya Biblia.

Ombi langu kwenu basi ni hili. Wengi wetu tumejifunza kuandaa maulizo, kuhesabu, kuandika raporo, halafu tunakaa tunangoja ofa za kazi. Katika avenyi yako kuna reko. Mtafute. Kaa naye jioni moja, mchoree kolone ile, mwezi wa pili ingia naye kwenye mkutano wa kamati, maana mkutano ule ni wa watu wa eneo, si wa waganga peke yao. Kolone moja kwenye Biblia ya mama yangu hakuna mtu ataiona. Kolone arobaini kutoka Katoyi, Majengo na Kahembe, zenye tarehe na hesabu, tutazipeleka kwa zoni, na wao wenyewe watuambie hazina mahali.

Mama ametoka asubuhi hii tena. Amesema kuna mgeni kwenye nyumba ya tatu, mwenye mtoto mchanga, na hajaona kadi ya chanjo.