Sifa za Fundi Anayepima

Ufundi mwingi tunausifu kwa sababu unaonekana. Kinyago cha Mmakonde, mlango wa nakshi wa Mikindani, mashua iliyotiwa kalafati vizuri ikaelekea Msimbati bila kuvuja: vyote hivyo jicho linavishuhudia. Leo nausifu ufundi usioacha kitu cha kutazama, nao ni wa kusoma joto la prosesa ya kompyuta.

Mtwara ufundi huu una kazi kubwa. Kaskazi ikishika, kuanzia Novemba, joto la mchana hupita digrii 30 mara kwa mara, na hewa ya bahari huja na unyevu na chumvi yake. Huo ndio wakati wa kuuza korosho. Mfumo wa stakabadhi ghalani ulipoingia mkoani mwaka 2007, karatasi ziliongezeka. Msimu wa 2024 minada ikahamia mtandaoni kupitia Soko la Bidhaa Tanzania. Kwa hiyo kompyuta za makarani hufanya kazi nyingi zaidi katika miezi ile ile ambayo hewa haina ubaridi wa kuzisaidia. Feni haizalishi ubaridi, inasukuma hewa iliyopo tu. Chumba kikiwa na digrii 32, prosesa haitashuka chini ya hapo hata ikae bure.

Prosesa za siku hizi zina vihisi joto ndani yake. Kihisi cha prosesa nyingi za Intel kina tabia ya ajabu: hakihesabu joto lililopo, kinahesabu digrii zilizobaki kufikia kikomo, ambacho mara nyingi ni 100 au karibu na hapo. Mfumo endeshi ndio unaozitoa digrii hizo kutoka kwenye kikomo na kupata jibu. Linux hulihifadhi jibu hilo kwa elfu za digrii, hivyo ukikuta 52000 ujue ni digrii 52. Kwenye Windows, Task Manager haionyeshi joto la prosesa, na fundi huweka programu ya pembeni. Joto likipanda, mashine hujitetea kwa hatua: feni huongezewa kasi, kisha prosesa hupunguziwa mwendo, na ikishindikana kabisa kompyuta huzimwa.

Ulinzi huo haukuwapo tangu mwanzo. Mwaka 2001 tovuti ya Tom's Hardware ilionyesha video ya kompyuta zilizoondolewa kipoza joto zikiwa kazini. Athlon ya AMD iliungua pale pale. Pentium 4 ilipunguza mwendo, ikaendelea kuishi.

Lakini tarakimu peke yake si ufundi. Mama anayekaanga korosho anajua kwa harufu na kwa moshi wakati wa kuipua. Joto la prosesa halina harufu, na fundi lazima asome mwendo wake. Anaiacha mashine itulie, anaandika joto. Anaipa kazi nzito, anatazama. Likiruka kutoka 50 hadi 95 kwa sekunde chache, na likaanguka vilevile kazi inapokoma, anashuku pesti ya kupitisha joto iliyokauka au kipoza joto kisichogusa prosesa sawasawa. Likipanda taratibu kwa dakika kadhaa, kisha likasita kushuka, anashuku vumbi lililoziba njia ya hewa, au feni iliyochoka. Kiini kimoja cha prosesa kikiwaka kuliko wenzake, pengine pesti imepakwa vibaya. Yote hayo anayajua kabla hajagusa bisibisi.

Akifungua, mkono wake una adabu. Anaishika feni isizunguke anapopuliza vumbi, maana upepo wa blowa unaweza kuizungusha kupita uwezo wake na kuiharibu. Pesti ya zamani anaifuta kwa spiriti, mpya anaweka kidogo tu. Skrubu anazikaza kwa kufuata namba zilizochorwa kwenye kipoza joto, ili kilalie sawa. Kisha anarudia kipimo kile kile, kwa kazi ile ile, na kuilinganisha tarakimu mpya na ya kwanza.

Huyo si sawa na fundi ambaye kila laptopu inayozimika ghafla jibu lake ni moja: tupige Windows upya. Mteja analipa, mafaili yanapotea, na wiki ijayo mashine inazimika tena kwa sababu vumbi liko pale pale. Kupiga Windows ni dawa halali ya magonjwa mengine, ila haipozi chuma.

Kwa hiyo ukipeleka kompyuta kwa fundi, iwe Mtwara mjini au Masasi, mwulize tarakimu mbili: ilikuwa na joto gani kabla, na ina joto gani baada ya matengenezo. Anayezitaja mpe pesa yake bila kupunguza hata shilingi. Asiyeweza kuzitaja hajapima, na asiyepima amebahatisha kwa gharama yako.