Daireki kwenye Koili: Kosa Lililopigiwa Makofi

Mliokuwapo gerejini Jumamosi mlisikia makofi pikapu ilipowaka. Mimi sikupiga. Fundi alikuwa amelifikia tatizo, akaliacha pale pale lilipo, akavuta waya wa daireki kutoka betri hadi koili. Uamuzi ule ulikuwa mbovu, na kelele za kushangilia haziubadilishi.

Gari mnalifahamu: Hilux ya zamani, injini ya 12R ya lita 1.6, distributa ya pointi, rezista ya nje kando ya koili. Ukipiga stata inashika, ukiachia ufunguo inazima papo hapo. Fundi alipima betri, akaangalia mafuta, akaona cheche stata ikizunguka. Hapo sina neno naye.

Sasa tusikilize gari lenyewe. Koili ya mfumo huu haikutengenezwa ile volti 12 muda wote. Stata inapozunguka betri hushuka, mara nyingi hadi volti 10 au chini yake, ndiyo maana ufunguo ukiwa kwenye stata umeme huikwepa rezista na kwenda koili moja kwa moja. Ukiachia ufunguo, njia hiyo hufungwa na umeme hupitia kwenye rezista. Basi injini inayoshika kwenye stata na kufa ukiachia imeshasema kila kitu. Koili ni nzima, pointi zinafanya kazi, kondensa haina kosa. Kilichokatika ni kimoja kati ya vitatu: swichi ya ufunguo kwenye hatua ya kuwashia, waya unaotoka hapo, au rezista.

Fundi akafungua ufunguo, akagusisha testa kwenye chanya ya koili. Taa haikuwaka. Vizuri kabisa! Alichobakiza ni kusogeza ncha ya testa sentimita chache tu, hadi ncha ya pili ya rezista, ile inayopokea umeme wa swichi. Taa ikiwaka hapo, rezista imekatika. Isipowaka, unafuata waya kurudi kwenye swichi. Kazi ya dakika mbili, na jibu lingekuwa mkononi. Badala yake tukasikia, "Dogo, lete waya, tuipige daireki." Tangu hapo hakuna aliyetafuta tatizo tena, na hadi naandika hivi hakuna anayejua ni rezista au ni swichi.

Wanaoniambia kwamba muhimu gari limewaka wapige hesabu hii. Koili ya aina ile ina ukinzani wa karibu omu 1.5, na rezista karibu hivyo hivyo. Zikiwa pamoja ni omu 3, kwa hiyo pointi zikifunga zinapitisha takriban ampia 4. Ondoa rezista, zinakuwa 8. Joto la koili halipandi mara mbili, linapanda kwa mraba wa mkondo: kutoka wati 24 hadi wati 96. Kwenye mwendo wa kasi mkondo haupati muda wa kufika huko, lakini injini ikiunguruma taratibu kwenye foleni unakaribia. Pointi zitaungua, koili itachemka, kisha mwenye gari ataambiwa kwamba spea za siku hizi ni feki. Lawama hiyo nimeichoka. Spea feki zipo, lakini nyingi zinazolaumiwa zimeuawa na waya kama ule.

Na mliona alivyoizima? Aligeuza ufunguo, injini ikaendelea kunguruma, ikabidi achomoe waya kwenye betri. Dereva akipata ajali na petroli ikimwagika, ufunguo wake hauzimi kitu. Waya wenyewe hauna fyuzi na umelazwa karibu na eksozi, ambako ganda lake litalainika kwa joto.

Wale wa mita za kidijiti wasifurahi mapema. Nimeshabishana nao hapa kuhusu testa ya taa, na bado nasimama nayo. Mita itakuonyesha volti 12 hata kupitia uzi mmoja wa waya uliobaki, kwa sababu haivuti mkondo wa maana. Pointi zikiwa wazi, hata rezista mbovu nusu itasoma volti 12. Funga pointi, mkondo upite, ndipo upime: kwenye koili utegemee karibu nusu ya volti za betri. Testa ya Jumamosi haikuwa na kosa lolote.

Charles Kettering, ambaye mfumo wake wa betri, koili na pointi uliingia kwenye Cadillac mwanzoni mwa miaka ya 1910, alipanga kila kipande kiwe na kazi. Na Joginder Singh alikuwa fundi kabla ya kuwa bingwa. Mwaka 1965 yeye na ndugu yake Jaswant walishinda Safari Rally kwa Volvo PV544 iliyokuwa imeshatumika, kisha akarudia 1974 na 1976 kwa Mitsubishi. Gari la mkono wa pili halimalizi barabara zile kwa kuruka sehemu zilizokufa. Fundi wa kizazi chake angeona aibu kukabidhi gari lisilozimika kwa ufunguo.

Najua, mzee mwenye gari alikuwa na mzigo na haraka. Hata haraka ina njia zake. Kama swichi ndiyo mbovu, waya wa muda uwe na fyuzi na swichi yake, na uishie upande wa kuingilia wa rezista, ili koili ibaki na ulinzi. Kama rezista ndiyo iliyokufa, funga nyingine, au weka koili ya omu 3 iliyotengenezwa kwa volti 12 bila rezista. Mzee, kabla hujapakia tena, chomoa ule waya na umrudishie fundi kazi yake aimalizie pale testa ilipoishia.