Nilikosea Kuandika Projeti ya Uwanja Wetu



Leo ninakosoa maandishi ambayo wengi kati yenu mliyasifu, na aliyeyaandika ni mimi. Mwaka jana komite ya klabu moja ndogo ya michezo hapa Likasi iliniita kwa sababu nilimaliza masomo ya uchumi na usimamizi. Iliniomba niandike projeti: namna ya kuboresha uwanja na majengo, na namna ya kuvifanya vilete franga. Jina la klabu sitalitaja, maana shida haiko kwa mtu mmoja. Iko na kiwanja cha mpira, kiwanja cha simenti cha basketi na voleboli, nyumba ya vyumba viwili na mwembe mmoja. Niliandika kurasa 22 na picha za rangi. Siku ya mkutano watu walipiga makofi. Mzee mmoja akasema, "Muone, hii njo kazi ya masomo." Nilirudi nyumbani kichwa kimevimba.

Sasa komite inataka kuituma tena kwa wakubwa. Wiki hii niliisoma upya, polepole, kama vile mtu asiyenijua angeisoma. Ile projeti ni mbaya, na ubaya wake unaanza kwenye ukurasa wa kwanza.

Kwenye ukurasa wa kwanza niliweka picha ya uwanja wa TP Mazembe, kule Kamalondo. Nani kati yetu hapendi kuutazama? Lakini nilisahau kusoma historia yake. Mazembe ilizaliwa mwaka 1939. Ilipata ubingwa wa Afrika mwaka 1967 na 1968, tena 2009 na 2010, na ule uwanja wake ukafunguliwa mwaka 2011. Ni kusema, kikombe cha nne kilifika Lubumbashi kabla ya viti vya uwanja mpya. Tena, tangu 1997 prezida wake ni Moïse Katumbi, mtu mwenye mfuko ambao klabu yetu haitauona hata kwa ndoto. Mimi nilichukua matunda ya miaka 72 nikayaweka kama hatua ya kwanza ya klabu isiyo na choo.

Kama ningetaka kuiga Mazembe, kulikuwa na jambo dogo zaidi la kuiga. Zamani ile timu ilijulikana kwa jina la Englebert, na Englebert ni jina la kampuni ya matairi iliyokuwa inaisaidia. Hata wakubwa wale, zamani sana, walielewa kama jina la timu linaweza kuleta makuta. Sisi tuko na ukuta mrefu unaotazama barabara, na hakuna hata muuza vipuri mmoja wa pikipiki tuliyemuomba apake tangazo lake pale kwa malipo ya mwaka. Katika kurasa 22 sikuandika hata mstari mmoja juu ya ule ukuta.

Kosa la pili ni la mji wetu wote. Likasi ilikuwa na baba. Union Minière ilianzishwa mwaka 1906, serikali ikaichukua mwaka 1967, mwishowe ikaitwa Gécamines. Wazazi wetu waliofanya kazi Shituru na Panda wanajua: kampuni ililipa mishahara, ikajenga shule, hospitali, viwanja na nyumba za starehe. Majani ya uwanja yalikatwa, mistari ikapakwa chokaa, na hakuna mchezaji aliyeuliza ni bei gani. Kazi kama hizo zilifichwa ndani ya hesabu za shaba. Halafu kampuni ikaanguka. Mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliondoka kwa ile operesheni iliyoitwa ya hiari, na viwanja vingi vikabaki kama mtoto aliyeachwa sokoni.

Tangu pale tumezoea kufikiri uwanja ni kitu kinacholetwa. Baba wa kwanza alikuwa kampuni. Baba wa pili ni mwanasiasa, anayefika na jezi wakati wa uchaguzi. Baba wa tatu ni makampuni mapya ya madini. Na projeti yangu, baada ya kurasa zote zile, ilimalizika kwa maneno haya: "Tunawaomba wakubwa watusaidie." Kurasa 21 za hesabu, na moja ya kupiga magoti.

Msinisikie vibaya. Kuomba haki si kosa. Sheria ya madini, baada ya kurekebishwa mwaka 2018, inatoa asilimia 15 ya mrabaha kwa serikali za mahali madini yanapotoka, na inadai kila kampuni inayochimba itenge asilimia 0.3 ya mauzo yake kwa maendeleo ya jamii za pale. Zile franga ni zetu, tuzifuatilie. Lakini mbele yetu kwenye ule mstari kuna shule, maji na hospitali, na ni sawa iwe hivyo. Tena, msaada unajenga mara moja, na majani yanaota kila mwaka. Projeti isiyosema nani atakata majani mwaka wa tatu inabaki picha tu.

Sasa kosa la tatu, lile linaloniuma.

Katika meza yangu ya mapato, mstari mnono kuliko yote ulikuwa wa sherehe: ndoa, ubatizo, kufunga matanga. Nilihesabu Jumamosi zote 52 za mwaka. Sikuondoa hata moja kwa ajili ya mvua, mimi mtoto wa hapa ninayejua kama kuanzia Novemba hadi Machi mvua inaweza kuharibu siku yoyote. Lakini ubaya zaidi ni kwamba Jumamosi mchana kulikuwa na wenyewe. Timu ya basketi ya wasichana inafanya mazoezi siku ile, kwa kuwa siku zingine wako shuleni, wakirudi wako na kazi za nyumba.

Mama anayewafundisha alishika ile projeti mkononi, akaigeuza mbele na nyuma, akaniuliza, "Mwanangu, mu hii karatasi yako, batoto bangu beko wapi?"

Nilimjibu, "Tutawapangia, mama."

Sikuwapangia. Hawakuwa kwenye meza kwa sababu hawaleti franga, na mimi nilifundishwa kuandika kile kinachohesabika. Komite haikungoja wafadhili. Ilianza na ule mstari mnono palepale. Jumamosi hizi viti vya plastiki vinajaa juu ya simenti, vyuma vya hema vimetoboa kiwanja sehemu mbili, na wasichana walihamia pembeni ya barabara, pale malori ya madini yanapopita. Mama ananiambia wawili wameacha kuja. Wazazi wao wanaogopa malori, na wako na haki.

Hapa njo ninaona maana ya kukosoa. Tuliboresha klabu mpaka wenye klabu wakatoka nje.

Basi ningeandika nini? Kwanza, karatasi. Kwa sheria yetu ya mwaka 1973 udongo ni wa Serikali, na kinachokulinda ni sertifika. Lupangu isiyo na sertifika, ukiipamba, unamwitia mtu mwingine aje aichukue. Tena klabu yetu ni ASBL. Sheria ya mwaka 2001 inaruhusu ASBL kufanya biashara kama kazi ya pembeni tu, na inakataza faida iende mfukoni mwa wanachama. Wengine wanadhani sheria inatukataza kutafuta franga. Hapana. Inatukataza kuzigawana, na inatukataza kugeuza nganda kuwa kazi kubwa na mpira kuwa kazi ndogo.

Pili, maji na choo. Maji ya bomba yanakatika, kila mtu hapa anajua safari ya bidoni. Kisima chenye pampu ya jua kinamwagilia uwanja, kinaosha wachezaji, na majirani wananunua bidoni la lita 20 kila siku, mvua inyeshe au isinyeshe. Lakini tuko mji wa madini: yale maji yapimwe kwenye maabara kabla ya mtu kunywa, na karatasi ya matokeo ibandikwe mlangoni.

Tatu, kukodisha saa, si kiwanja chote. Asubuhi shule jirani zisizo na uwanja zinaweza kulipa kidogo kwa masomo ya mazoezi ya mwili. Jioni, timu za makazini na za makanisa. Tuseme timu 6 kwa wiki, kila moja ikilipa franga 20,000: ni 120,000 kwa wiki, na hakuna chuma kinachotoboa simenti. Usiku, umeme ukikatika, kile chumba cha pili chenye taa za jua kinaweza kuwa mahali pa kusomea. Ninyi wanafunzi mnajua bei ya taa wakati wa mitihani.

Nne, sanduku la matengenezo. Katika kila franga 10 zinazoingia, 3 ziende kwa matengenezo kwanza, kabla ya safari na kabla ya jezi. Malipo yapitie namba ya simu ya klabu, isiwe ya mtu, na kila mwisho wa mwezi hesabu ibandikwe kwenye mwembe. Mtunza sanduku mwaminifu hataogopa mwembe.

Ninajua jibu la komite, walishaniambia: "Franga ya ndoa moja inapita maji ya mwezi muzima." Inawezekana. Sikatai sherehe. Ziwe Jumamosi mbili kwa mwezi, upande wa mwembe, juu ya udongo, na mwenye sherehe aweke dhamana kwanza. Lakini tuhesabu vizuri: bei ya kutengeneza upya kiwanja cha simenti, tuiweke kwenye meza gani? Na wale wasichana wawili, meza gani?

Jumapili hii ninapeleka projeti mpya kwa komite. Iko na kurasa 4. Hakuna picha ya Kamalondo. Ukurasa wa kwanza ni ratiba ya wiki, na mstari wa kwanza nilioujaza unasema: Jumamosi mchana, basketi ya wasichana. Saa zinazobaki njo za kuuza.

Kama kati yenu kuna aliyesoma sheria ya udongo, au anayejua kuweka vitabu vya hesabu, anitafute kabla ya Jumapili. Sina franga ya kumlipa. Niko na mwembe, kivuli, na maswali mingi.