Benjo yenye freti mbele ya akina Zawose

Mpiga benjo Mmarekani Béla Fleck alikosea kabla hajapanda ndege. Mwaka 2005 alifunga safari ya Uganda, Tanzania, Gambia na Mali kutafuta wapigaji wa kukaa nao na kupiga nao, na ala aliyoibeba ni benjo yake ya bluegrass: nyuzi tano, shingo yenye freti (vijiti vya chuma vinavyoikata shingo hatua kwa hatua), vidole vimevalishwa kucha za bandia. Mali ilimpokea bila shida. Bagamoyo chaguo lile lilikuwa kosa, na kila ninapoirudia filamu ya Throw Down Your Heart ya mwaka 2008, au albamu iliyotoka mwaka uliofuata, kosa lenyewe linazidi kunikera.

Twende moja kwa moja kwenye wimbo wa 11, "Zawose", aliopiga na Chibite, kikundi cha ukoo wa Hukwe Zawose, gwiji wa muziki wa Kigogo. Mzee alikuwa amefariki Desemba 2003, kwa hiyo mgeni aliwakuta warithi wake, watu waliokulia ndani ya sauti ile. Tukumbushane skeli ya Kigogo inavyojengwa. Inafuata mpangilio wa harmoniki, zile sauti za asili zinazozaliwa ndani ya uzi mmoja unapotikiswa: ya 4, ya 5, ya 6, ya 7, ya 8 na ya 9. Kwaya nayo inapangwa humo humo, kwa kuruka hatua moja. Anayeimba ya 7 ana mwenzake juu kwenye ya 9 au chini kwenye ya 5. Hakuna anayebuni sauti ya pili kwa kubahatisha. Ndiyo maana waimbaji kumi wa Kigogo wakifungua kinywa unahisi kama uzi mmoja mnene umetikiswa.

Sasa lete freti. Freti za benjo zimegawanya oktavu katika nusu toni 12 zinazolingana, senti 100 kila moja. Ukihesabu kutoka sauti ya msingi, ile ya 4, harmoniki ya 5 iko kwenye senti 386, na freti iliyo karibu iko kwenye 400. Pengo la senti 14 sikio linaweza kulivumilia. Harmoniki ya 7 iko kwenye senti 969, freti iko kwenye 1000. Hapo pengo ni senti 31, karibu theluthi ya nusu toni, na limekaa kwenye sauti ile ile inayoufanya wimbo uwe wa Kigogo. Kati ya ya 7 na ya 9 waimbaji wana nafasi ya senti 435, lakini benjo ina 400 tu. Mpigaji anapozishika hizo mbili kwenye shingo, anaibana kwaya nzima kutoka juu na kutoka chini.

Msiniambie angeweza kuvuta uzi. Kuvuta uzi kunapandisha sauti, hakuishushi. Ili aifikie ile ya 7 ilimbidi aanzie freti moja chini kisha auvute karibu senti 69, kwa usahihi, kila sauti hiyo inapopita. Mpigaji wa blues kwenye gitaa la umeme anaweza kufanya hivyo akiwa na nafasi ya kupumua. Mtu wa vidole vitatu, mwanafunzi wa njia ya Earl Scruggs, gwiji wa benjo ya bluegrass, anayemwaga sauti mfululizo kama mvua ya masika juu ya bati, hana nafasi hiyo. Kadiri anavyoharakisha ndivyo anavyotegemea freti, na Fleck ni mtu wa kasi. Ufundi wake mkubwa ndio uliomfunga.

Kuna jambo lingine ambalo wachambuzi wengi hawakuligusa. Ilimba, ala ya vyuma inayopigwa kwa dole gumba, zile kubwa za ukoo ule zina vyuma vingi ambavyo dole gumba halivigusi kabisa. Kazi yake ni kuitika vyenyewe pale sauti inayolingana navyo inapopigwa. Huo ndio mwangwi unaomfanya mpigaji mmoja asikike kama kikundi. Chuma cha namna hiyo hakina adabu ya kumsaidia mgeni: sauti ikilingana kinaitika, isipolingana kinanyamaza. Ala iliyo juu kwa senti 31 inapita hapo bila kuitikiwa. Sikilizeni albamu ya mwaka 1996 iitwayo Chibite, ya Hukwe na mpwa wake Charles, muone jinsi kila sauti inavyoamsha nyingine. Hicho ndicho kipimo, na kilikuwa madukani miaka tisa kabla ya safari ya Fleck.

Kinachouma zaidi ni kwamba benjo haikuzaliwa na freti. Watumwa walioiunda katika visiwa vya Karibiani na Marekani waliitengeneza kwa kibuyu, ngozi na shingo laini, na iliendelea kuwa na shingo laini hadi ndani ya karne ya 19, kabla viwanda havijaigeuza ala ya sebuleni. Akonting ya Wajola, ambayo Fleck aliifuata hadi Gambia kwa ukoo wa Jatta, haina freti. Ngoni ya Bassekou Kouyaté haina freti. Mtu anasafiri kuurudisha uzao nyumbani kwa mababu, na anauchukua ule uzao pekee uliosahau lugha ya nyumbani! Benjo za kibuyu zisizo na freti zinatengenezwa hadi leo huko huko Marekani, na wapo wapigaji wake wengi. Ingetosha kubeba moja ya pili.

Hata kama asingebeba ala nyingine, jibu lilikuwa mikononi mwake. Benjo ina nyuzi tano, na mtindo wa Scruggs unaishi kwa nyuzi zilizo wazi. Mpigaji angekaa na ilimba nusu siku, angetyuni nyuzi zile tano kwa ya 4, ya 5, ya 6, ya 7 na ya 8, kisha angeiacha shingo ipumzike. Fleck anatoka katika ukoo wa wapigaji waliomwona Scruggs akizungusha vigingi vyake katikati ya wimbo; kubadili tyuni si jambo geni kwao. Na kwenye albamu hiyo hiyo yumo D'Gary wa Madagaska, ambaye amejenga maisha yake yote kwa kulityuni gitaa upya ili lizungumze kama marovany, ala ya nyuzi ya kwao. Mwalimu wa somo lile alikuwa amekaa kiti cha pili.

Utetezi nimeusikia. Wanasema mgongano wa tyuni mbili ndiyo ladha ya mkutano, na kwamba anayetaka usafi abaki na rekodi za zamani. Sikubali. Wagogo wanajua sana kutumia ukwaruzo. Mivumo ya ilimba imewekwa kwa makusudi, mahali pake, kwa kiasi chake. Ukwaruzo wa freti haukuchaguliwa na mtu yeyote pale Bagamoyo. Uliingia kwa sababu wenyeji ni waungwana. Kwetu mgeni akikosea hatua ya ngoma hatusimamishi ngoma, tunampigia vigelegele aendelee. Uungwana ule usichukuliwe kuwa uthibitisho kwamba mambo yalikwenda sawa. Mwenye wajibu wa kusikia pengo ni yule aliyekuja kutafuta.

Uganda tatizo lilikuwa hilo hilo kwa sura nyingine. Kikundi cha Muwewesu, katika "Wairenziante", kinapiga ile marimba kubwa ya wapigaji wengi. Marimba za ukanda ule hugawa oktavu hatua tano zinazokaribia kulingana, takriban senti 240 kila moja. Freti inakupa 200 au inakupa 300. Sitarudia hoja, hesabu ni hiyo hiyo.

Yaliyofanyika vizuri nayasema. Mali yote ni safi, na wimbo uliobeba jina la albamu ulistahili Grammy yake ya 2010. "Kabibi", aliopiga na Anania Ngoliga, ni mzuri kupita kiasi, na sababu yake mtu wa kwetu anaijua: Ngoliga ni mpigaji wa ilimba aliyezoea kukaa na gitaa la John Kitime, na wawili hao walikwenda pamoja Marekani mwaka 2009 kwenye ziara ya Fleck. Anajua freti zinataka nini. Pale ni mwenyeji aliyevuka mto.

Nina wimbo wangu wa zamani, nami nitauimba tena, kwa sababu ugonjwa ni ule ule. Taarabu yetu iliuawa sauti zake za robo siku vinanda vya umeme vilipokalia viti vya udi na ganuni. Zein l'Abdin, mzaliwa wa Lamu aliyeifanya Mombasa makao yake, alipiga udi usio na freti hata moja, na kidole chake kilijua kusimama mahali ambapo kinanda hakina kitufe. Leo kijana anajifunza nyimbo zile kwenye kinanda na anaamini anaimba taarabu ya mababu.

Anayetaka kuona kazi ya kukutanisha ala za mila mbili ikifanywa inavyopaswa asikilize A Meeting by the River, albamu ya Ry Cooder na Vishwa Mohan Bhatt wa India iliyotoka mwaka 1993. Watu wale walikutana chini ya saa moja kabla ya kurekodi, ndani ya kanisa dogo huko Santa Barbara. Hawakuwa na wiki za safari wala msafara wa kamera. Lakini wote wawili walikuwa wapigaji wa kuteleza: Bhatt na chuma chake juu ya gitaa lake la mohan veena, Cooder na chupa yake juu ya gitaa. Gitaa la Cooder lina freti, lakini chupa inapita juu yake bila kuigusa, na sauti inasimama pale sikio linapoiamuru. Kila Bhatt anapoinama chini ya nusu toni, Cooder yupo. Fleck ni mpigaji hodari wa vidole kuliko Cooder, hilo halina ubishi, na bado Cooder alimfikia mwenzake kwa dakika chache huku Fleck akibaki senti 31 mbali na wenyeji wake.

Safari za namna hii zitaendelea, na ni vizuri ziendelee. Dodoma na Bagamoyo hupokea wapigaji kutoka nje, na vijana wa akina Zawose wanapenda kukaa nao. Ninachodai ni utaratibu, na nadai kwa pande zote mbili. Mgeni atyuni kwa ilimba, si ilimba kwa mgeni. Mwenye ala ya freti aje na nyuzi wazi, au na chupa ya kutelezesha, au aje na ala nyingine. Na wenyeji, hasa walimu wetu wa muziki pale Bagamoyo, waache kunyamaza kwa heshima: kabla ya kurekodi mpigieni mgeni ile ya 7, mwambieni aitafute kwenye ala yake, na msianze wimbo mpaka aipate. Akishindwa, mpeni kayamba. Kayamba halina freti, na ndani ya mdundo wa Wagogo lina kazi ya kutosha kumshughulisha mpigaji yeyote duniani.