Kicheko Ndani ya Posa

Mweze Ngangura alizaliwa Bukavu mwaka 1950. Naanza na jambo hilo kwa fahari, maana mji wetu hutajwa kwa vita, kwa madini na kwa hospitali ya Panzi, na ni mara chache sana unatajwa kwa kicheko. Ngangura alisomea sinema Ubelgiji, akarudi Kinshasa kufundisha, akatengeneza filamu za maisha halisi juu ya mchoraji Chéri Samba na juu ya jiji la Kinshasa lenyewe. Kisha mwaka 1987, pamoja na Mbelgiji Benoît Lamy, akatoa La Vie est belle, komedi ya mapenzi ambayo mpaka leo naiona kuwa shule ya kazi hii. Miaka iliyofuata aliandika pia kutetea sinema inayoburudisha, wakati wengi waliamini kwamba mtengeneza filamu wa Afrika hana budi kwanza kuhubiri.

Nataka kuisifu kazi hiyo ya kuchekesha watu kwa habari ya ndoa, na njia bora ninayoiona ni kuiweka filamu ya Ngangura kando ya nyingine, The Wedding Party ya Kemi Adetiba wa Nigeria, iliyotoka mwaka 2016. Zimeachana kwa miaka 29. Moja ni ya Kinshasa ya boi na bwana, nyingine ni ya Lagos ya kumbi kubwa na vilemba vya gharama. Mafundi wake wawili, hata hivyo, walijua siri ileile: wapenzi peke yao hawatoshi kuifanya komedi ya ndoa, kwa sababu ndoa kwetu si mali ya wapenzi peke yao.

Katika La Vie est belle, Kourou, mwanamuziki wa kijijini, anafika Kinshasa akitafuta muziki wa magitaa ya umeme. Tumbo halingoji umaarufu, basi anakuwa boi nyumbani kwa Nvouandou, tajiri mwenye klabu ya usiku. Anampenda Kabibi. Bwana wake naye anamtaka Kabibi huyohuyo, tena si kwa mapenzi, bali kwa tiba. Nguvu za kiume zimempotea, na mganga amemwagiza aoe bikira awe mke wa pili, ila asimguse kwanza, angoje mpaka siku zilizowekwa zitimie.

Hapo ndipo fundi anapoonekana. Mganga anachekesha, lakini kazi yake kubwa ni kuipa filamu saa. Bila sharti lake, tajiri angetoa mahari jioni na asubuhi hadithi ingekuwa imekwisha, tena imekwisha kwa uchungu, kwa sababu msichana anayetolewa kwa fedha hana la kuchekesha. Siku za kungoja zinageuza msiba kuwa komedi. Kourou anamtumikia mtu aliyemposa mpenzi wake, na sisi tunajua kabla yake. Nvouandou ana fedha za kununua kila kitu, na kila usiku anakumbushwa kwamba amenunua kungoja tu. Kicheko kinatoka katika mpango wa hadithi, wala hakuna mtu aliyelazimika kuanguka kwenye ndoo ya maji ili tucheke.

Papa Wemba anaigiza Kourou kwa utulivu ambao sikuutarajia kwa mwanamuziki aliyezoea jukwaa. Hasukumi. Uso wake unakaa na matumaini hata anapodhulumiwa, na wimbo wake unarudi mara kwa mara, unakua, mpaka unasimama mahali ambapo katika posa huwekwa mahari. Tajiri ana noti, boi ana wimbo. Kwa uamuzi huo Ngangura ameiheshimu desturi, maana kijana bado hatoki mikono mitupu.

Adetiba alikuja na saa kali zaidi. Karibu mambo yote ya The Wedding Party yanatokea katika siku moja ya harusi. Dunni, Myoruba, anaolewa na Dozie, Mwigbo. Familia ya bwana harusi inawatazama wakwe kutoka juu, na wakwe wamekusanya kila mtu wanayemjua ili waonekane. Hii ilikuwa filamu ndefu ya kwanza ya Adetiba, aliyekuwa akijulikana kwa video za muziki, na ilivunja rekodi ya mapato katika majumba ya sinema ya Nigeria. (Adesua Etomi na Banky W, walioigiza maharusi, walioana kweli mwaka uliofuata.)

Naipenda kwa ajili ya mama wawili. Sola Sobowale, mama wa bibi harusi, anaingia kwa sauti, kwa machozi, kwa ngoma, mwili mzima ukisema kwamba binti huyu ni wake. Ireti Doyle, mama wa bwana harusi, ni baridi, kidevu juu. Fundi wa kiwango cha chini angempa mmoja ubaya na mwingine wema. Adetiba amewapa wote haki. Na kando yao ameweka ndoa ya wazazi wa Dozie, ndoa iliyopoa, wawili wanaokaa meza moja kama wageni huku mtoto wao akiapa kupenda milele. Kwangu hiyo ndiyo kazi bora ya filamu nzima. Ugomvi wa maharusi wenyewe ni mwepesi: bibi harusi anakimbia kwa shaka juu ya uaminifu wa mwenzake, shaka ambayo mazungumzo mafupi yangeipunguza. Kwa Kourou na Kabibi hakuna mazungumzo ambayo yangeondoa umaskini. Kwa hiyo, ingawa ya Lagos imeshonwa vizuri zaidi, ya Kinshasa inanigusa zaidi.

Miaka ya filamu hizi ina maana kwetu Kongo pia. Tarehe 1 Agosti 1987 Zaire, kama nchi yetu ilivyoitwa wakati huo, ilipata Sheria ya Familia. Iliitambua mahari, ikamkataza mtu aliyeoa kufunga ndoa nyingine, na ikamtaka mke amtii mumewe. Nvouandou, na posa yake ya mke wa pili, alikuwa kwenye skrini mwaka uleule. Mwezi Julai 2016 sheria hiyo ilirekebishwa, na mke akaacha kuhitaji idhini ya mume ili kufanya mambo ya kisheria. Mahari ilibaki.

Ilibaki, na nani asiyejua siku yake hapa Bukavu, kabla ya komine na kabla ya kanisa? Kwa Washi mahari ni ng'ombe, hata pale ng'ombe anapohesabiwa kwa dola. Msemaji wa upande wa kijana anasimama, anasifu, anaomba. Msemaji wa upande wa binti anajifanya hajui kilichowaleta wageni. Orodha inasomwa: kitenge cha mama, suti ya baba, mbuzi, vinywaji. Watu wanacheka sana, na katikati ya kicheko kuna kijana anayehesabu deni, na mama anayewaza kodi ya nyumba. Kila mmoja pale ana haki yake. Ngangura na Adetiba wangeketi kimya kwenye kona na kuandika.

Wapo watakaosema huu si wakati wa komedi. Waasi wa M23 waliingia Bukavu Februari 2025, benki zikafungwa, na kuna nyumba zisizo na hamu ya kucheka. Nawaheshimu. Lakini La Vie est belle ilitengenezwa chini ya Mobutu, katika jiji la watu waliokuwa wakihangaika kupata chakula cha siku, na haikuficha njaa ya Kourou hata mara moja.

Kijana wa hapa Bukavu, wa Kadutu au wa Bagira, atakayeishika kazi hii ya komedi, nitamwomba asianze na maharusi. Aanze na kaka wa bibi harusi, yule aliyevaa suti ya kuazima, anayewahesabu ng'ombe wa dada yake mmoja mmoja kwa sababu ndio watakaomwolea yeye. Anataka dada yake awe na furaha, anataka ng'ombe wafike, na msemaji wa wakwe anaomba wapunguzwe wawili.