Kumpima Joki

Kuhesabu ushindi ni kipimo cha wacheza kamari. Farasi bora hupewa majoki wenye majina, na farasi bora hushinda hata akibebeshwa gunia. Anayetaka kuijua kazi yenyewe aitazame mikono.

Joki mbioni hakalii tandiko. Husimama kwenye vikuku, magoti yamekunjwa, mgongo umelala sambamba na shingo ya farasi. Nusu ya kwanza ya mbio mikono yake itulie: hatamu zisilegee, wala zisikazwe mpaka farasi atanue taya na kurusha kichwa. Anayepigana na lijamu humaliza nguvu bure. Katika Derby ya Epsom, Uingereza, mtihani uko Tattenham Corner, ambako njia hupinda kushoto huku ikiteremka. Joki dhaifu hapo husukumwa nje. Lester Piggott, aliyeishinda Derby mara 9, alipenda kufika pale nafasi yake keshaichukua.

Kiboko kitazame mwisho. Katika Derby ya 1972 Piggott alimcharaza farasi wake Roberto hadi akashinda kwa tofauti isiyofika hata kichwa. Kanuni za leo Uingereza zinaruhusu viboko 6 tu katika mbio zisizo na viunzi, na ni haki. Achapaye mapema kaishiwa maarifa.

Kisha njaa, ambayo wapenzi wengi wa mbio hawaioni. Fred Archer, bingwa wa Uingereza mara 13 mfululizo, alikuwa mrefu mno kwa kazi hii, akaishi kwa kujinyima chakula na kunywa dawa za kuharisha. Oktoba 1886 alijikausha ili ampande farasi St Mirin, akashindwa kwa kichwa kimoja. Wiki mbili hivi baadaye, akiwa na homa kali, na msiba wa mkewe aliyefia uzazi haujampoa, alijiua. Alikuwa na miaka 29. Basi mita 200 za mwisho tazama kiuno: mwili uliokaushwa huchoka, makalio yakaanza kugonga tandiko, farasi akakatika mwendo.

Kwa kujifunza, tafuta video ya mbio za Belmont Park, New York, Oktoba 1990. Piggott ana miaka 54, kashatumikia kifungo cha kukwepa kodi, na ana siku 12 tu tangu arudi mbioni. Farasi wake, Royal Academy, yuko nyuma. Mzee hamharakishi, anamtoa nje na kushinda kwa shingo. Irudie ukitazama mikono peke yake.