Mahojiano Yatajwe Yapate Kupimwa

Mwaka 1968 wanafunzi wa historia wa Chuo Kikuu Kishiriki cha Dar es Salaam walitumwa vijijini kuwahoji wazee kuhusu Vita vya Maji Maji vya mwaka 1905 hadi 1907. Mradi huo, ambao majina ya wanahistoria John Iliffe na Gilbert Gwassa hayatengani nao, ulizaa mkusanyo wa ripoti na mahojiano uliotolewa mwaka 1969. Umuhimu wake haukuishia kwenye yale wazee waliyoyasema. Mahojiano yalipewa namba, yakawekwa pamoja, na mtafiti mwingine akaweza kutaja ushahidi uleule kwa namba ileile. Katika miaka ya 1990 wanahistoria kama Marcia Wright na Jamie Monson walihoji tafsiri iliyoviona vita hivyo kuwa chimbuko la umoja wa kitaifa. Mjadala wa namna hiyo hunawiri pale ushahidi wa mwanzo unapobaki wazi kwa anayetaka kuusoma upya.

Tasnifu nyingi za leo haziuachi wazi. Msomaji hukutana na mabano yenye maneno “Mahojiano, 2019” na basi. Hajui aliyesema ni nani, aliulizwa nini, wala kama aliliona jambo lenyewe au alisimuliwa. Upungufu huo unagusa uzito wa hoja yenyewe. Mzee aliyehojiwa mwaka 1968 akiwa na miaka 75 alikuwa mtoto wa miaka 12 vita vilipoanza. Wa miaka 55 alikuwa hajazaliwa. Wote wawili wanaweza kusema kweli, lakini wa kwanza huenda anakumbuka na wa pili anapokeza. Marejeleo yanayowaita wote “mzee wa kijiji” yameifuta tofauti ambayo mwanahistoria Jan Vansina aliisisitiza tangu mwaka 1961, alipochapisha kitabu chake kuhusu mapokeo simulizi: kumbukumbu ya shahidi ni kitu kimoja, na simulizi iliyopokewa kizazi hadi kizazi ni kingine.

Msimamo wangu ni kwamba kazi ya marejeleo ya mahojiano ni kumpa msomaji uwezo wa kuyapima. Tuchukue mfano wa kubuni wa tasnifu kuhusu kilimo cha mwani Unguja. Tanbihi ingesomeka hivi: “Mahojiano na mkulima wa mwani, mwanamke, miaka 61, Paje, 14 Machi 2019, Kiswahili, mhoji ni mwandishi, rekodi na. 7, unukuzi uk. 3.” Ni mistari miwili tu, lakini umri unaonyesha kuwa huenda aliona kilimo hicho kikianza, lugha inaonyesha kuwa maneno hayakupitia kwa mkalimani, na ukurasa wa unukuzi unamwezesha mtahini kulifuata swali lililozaa jibu hilo.

Wapo watakaosema kuwa mtindo wa marejeleo wa APA unazuia jambo hilo. Ni kweli kwamba APA huyahesabu mazungumzo na barua za faragha kuwa mawasiliano binafsi, yatajwe ndani ya matini tu na yasiingie kwenye orodha ya marejeleo, kwa kuwa msomaji hawezi kuyapata. Lakini mwongozo huohuo hauwaweki watu waliohojiwa kama washiriki wa utafiti katika kundi hilo. Maneno yao ni data ya utafiti, na mahali pa kuieleza ni sura ya mbinu na viambatisho. Na kama tatizo ni kutopatikana, basi dawa ni kuyahifadhi mahojiano yapatikane.

Pingamizi zito zaidi ni usiri. Mtu aliyezungumzia ugonjwa wake, au aliyemlalamikia mwajiri wake, ana haki ya kufichwa, na kijiji kidogo hutambua mtu kwa umri na kazi yake tu. Hapo msimbo uchukue nafasi ya jina, umri utajwe kwa muongo, na wilaya itajwe badala ya kijiji. Hata hivyo, kuficha kusifanywe kwa mazoea. Mwanahistoria Susan Geiger, katika kitabu chake cha mwaka 1997 kuhusu wanawake wa chama cha TANU, aliwataja Bibi Titi Mohamed na wenzake kwa majina. Kuwafanya “mhojiwa wa kwanza” na “mhojiwa wa pili” kungekuwa kuwaondoa katika historia waliyoijenga. Mhojiwa aulizwe anataka nini, na jibu lake liheshimiwe.

Kutaja, kuhifadhi na kuomba ridhaa ni kazi kubwa, kwa hiyo mzigo usimwangukie mwanafunzi peke yake. Idara inayodai nakala za tasnifu zilizojalidiwa idai pia rekodi na unukuzi, kwa ridhaa ya waliohojiwa na kwa masharti ya nani aruhusiwe kuzisikiliza. Rekodi inayobaki kwenye simu ya mtafiti hupotea siku simu inapoharibika, na hapo hata tanbihi iliyoandikwa kwa uangalifu haimfikishi msomaji popote. Vyuo vyetu hukusanya maarifa mengi kwa kuwasikiliza watu. Vinadaiwa na watu hao utunzaji uleule vinaovipa vitabu.